Shorewanda Naye Apate Mchoraji

Ingia duka lolote la sanaa Dar es Salaam au Arusha, hutakosa ndege wa Tingatinga: shingo ndefu, jicho la duara, madoa ya kila rangi, na nyuma yake jua jekundu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora picha za namna hiyo mwaka 1968, kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Ametuachia ndege wazuri, lakini ni ndege wa kichwani mwake. Wale wanaodonoa ukoko wa wali uani Buzuruga bado wanasubiri zamu yao.

Na si wachache. Buzuruga, kata ya Manispaa ya Ilemela kando ya barabara ya kwenda Musoma, haina msitu. Ina mabati, kuta za tofali, mawe makubwa ya Mwanza yaliyojichomeka katikati ya nyumba, na mwembe au mpapai uani. Hiyo inatosha. Alfajiri shorewanda wako ukutani, tetere wanalia juu ya waya wa umeme, kwera wanagombania matawi. Mchana mwewe anazunguka juu, na ukiacha utumbo wa sato nje, hutaukuta.

Napendekeza tuwachore kwa rangi za maji, na nina sababu. Rangi ya mafuta inafunika: ukikosea bawa, unapaka juu yake. Rangi ya maji haifuniki, inapenyeza mwanga hadi kwenye karatasi, kwa hiyo unalazimika kumtazama ndege kwanza, kisha ndipo uloweke brashi. Vifaa si vya anasa. Kisanduku cha rangi za wanafunzi kinafaa kuanzia, pamoja na brashi mbili, na makopo mawili ya maji, moja la kusuuzia na lingine lisiguswe na uchafu. Kazi iko kwenye karatasi. Ya fotokopi, ile ya gramu 80, ikilowa inafura kama chapati. Manila inavumilia kidogo. Wachoraji wanaojiweza hutumia ya gramu 300. Wewe bandika manila yako kwenye ubao kwa selotepu pande zote nne, uiache ikaukie hapo hapo.

Anza na shorewanda. Najua watu watataka kuanza na ndege wa rangi kali, lakini shorewanda ndiye mwalimu. Kichwa cha kijivu, mgongo wa kahawia iliyoiva, kifua kilichopauka. Ukichanganya ovyo, vyote vitatu vinageuka tope. Pia ana subira. Utakuwa umekaa kwenye kigoda na yeye yupo pale pale, anaruka hatua mbili, anarudi.

Yangeyange ni mtihani wa pili. Ni mweupe, na kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe. Humpaki yangeyange, unapaka majani nyuma yake, unaweka kivuli chepesi cha samawati chini ya bawa, unaacha mwili wake bila kuugusa. Wengi hushindwa hapo kwa sababu mkono unawasha.

Chozi ana mambo mengine. Dume mwenye kifua chekundu anapofyonza ua la mgomba, paji lake linawaka kijani. Akigeuka kivulini, kijani chote kinapotea na unabaki na ndege mweusi. Mng'ao ule hautokani na rangi ya manyoya bali na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, kwa hiyo hakuna kisanduku chenye rangi hiyo. Njia iliyopo ni kulaza kijani chepesi mapema, kuacha kikauke kabisa, kisha kuzungushia weusi mzito kando yake. Jicho la mtazamaji litamalizia.

Halafu kuna korongo wa majalalani, yule mwenye upara na mfuko shingoni, anayeonekana mjini kote na hasa kule Mwaloni Kirumba kwenye dagaa. Wanaomchora humpa miguu myeupe. Miguu yake ni ya kijivu kilichokolea. Weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, anajinyea miguuni ili kupoza mwili kwenye joto. Mchoraji anayejua hilo hapaki weupe uliosawazika. Anaacha michirizi na mabaka, kijivu kikichungulia.

Ndege wa kuringia hasa ni kasuku wadogo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, jicho limezungukwa na pete nyeupe. Asili yao ni huku huku kusini mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1887 mtaalamu wa ndege wa Ujerumani, Anton Reichenow, aliwapa jina la kisayansi la daktari na msafiri Gustav Fischer. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu kwenda kuuzwa nje, na leo wanahesabiwa miongoni mwa ndege wanaokaribia hatari. Ulaya na Marekani wamejaa vizimbani na picha zao zimejaa; kwao Mwanza sijaona hata moja ukutani.

Rangi za maji zenyewe si ngeni kwenye ziwa hili. Mwaka 1862 msafiri James Grant, mwenzake Speke katika kutafuta chanzo cha Nile, alikwama Karagwe kwa Mfalme Rumanyika kwa miezi, mguu ukimuuma, naye alikuwa mtu wa kuchora watu, mimea na mandhari kwa rangi za maji. Michoro ya safari yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mgeni mgonjwa alipata muda wa kututazama. Sisi wenye nyumba tunasingizia shughuli.

Kwa hiyo, mwalimu wa shule ya msingi unayesoma gazeti hili Jumamosi: Jumatatu usiwape watoto picha ya flamingo ya kunakili kutoka kitabuni. Watoe nje saa mbili asubuhi, kila mmoja na kipande cha manila, wachore ndege aliye kwenye ukuta wa shule.