Fiqhi ya Nyumba Katika Nchi ya Baridi: Kutunza Joto, Kuhifadhi Nafsi na Mali

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, mwandishi wa makala haya aliwahi kulala ugenini Njombe katika mwezi wa Julai. Mwenyeji wetu, kwa ukarimu wake, alituletea jiko la mkaa chumbani ili tupate joto, kisha akafunga mlango na dirisha na kuziba kwa kitambaa upenyo wa chini ya mlango. Tulilala kwa raha. Usiku wa manane mmoja wetu aliamka kwenda kujisaidia, akashindwa kusimama. Kichwa kilimuuma na miguu haikuwa na nguvu. Ni yeye aliyefungua mlango, na kwa rehema za Allah sote tukaamka. Laiti asingeamka, pengine tungesaliwa jeneza siku ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: nini hukumu ya jambo hili ambalo kila msimu wa baridi hufanywa na watu wema, tena kwa nia njema? Na je, fiqhi yetu ina la kusema juu ya namna Muislamu anavyotunza joto, moto na umeme nyumbani kwake? Nilipoyarejea maandiko ya maulamaa nimeona kwamba lipo la kusema, na si dogo.

BARIDI YA NJOMBE NA MAKAMBAKO

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako, njia panda ya barabara iendayo Mbeya na ile iendayo Songea, uko chini kidogo, lakini upepo wake unajulikana na kila msafiri aliyewahi kushuka pale alfajiri. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huwa kali, na ukungu hukaa mpaka jua lipande.

Nyumba nyingi za miji hii ni za tofali za kuchoma na bati, na nyingi hazina dari. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Hewa yenye joto hupanda juu. Ikikuta bati tupu, joto hupotea upesi, na nyingine hutokea kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Mwenye nyumba huongeza mkaa, na joto nalo huendelea kutoka. Ni sawa na mtu anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka: kila siku ananunua maji, lakini hakumbuki kuziba tundu.

MOTO USIACHWE UKIWAKA WATU WAMELALA

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Na wakapokea tena kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani, Mtume (s.a.w.) alipopewa habari zao aliueleza moto kuwa ni adui wa watu, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Katika Hadithi ya Jabir (r.a.) sababu imetajwa waziwazi: panya huweza kuukokota utambi wa taa akaiunguza nyumba.

Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kwamba katazo hili ni la jumla, linaingia moto wa taa na mwingineo. Ama kandili zilizotundikwa misikitini na penginepo, ikiwa hakuna hofu ya kuunguza, yaonekana hapana ubaya, kwa kuwa sababu ya katazo haipo. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maulamaa walivyoifuata illa, yaani sababu ya hukumu: panapokuwa na madhara hukumu ipo, na yanapoondoka hukumu huondoka.

Sasa tulipime jiko la mkaa kwa mizani hiyo. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na mkaa uliokolea vizuri usio na moshi huitoa vilevile. Mtu akiivuta huingia katika damu na kushikamana na chembe zinazobeba hewa safi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi yenyewe. Matokeo yake mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Na aliyelala huenda asizione dalili hizo kabisa. Taa ya panya ilikuwa na uwezekano wa kuunguza. Jiko katika chumba kilichofungwa lina sumu inayotoka muda wote linapowaka. Ikiwa lile dogo limekatazwa, hili kubwa lina haki zaidi ya kukatazwa.

Kwa hiyo mtu anayejua madhara haya, kisha akalala na jiko katika chumba kilichofungwa, anaingia katika makatazo ya Suratul-Baqara aya ya 195, ya kutojitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na ya Suratun-Nisaa aya ya 29, ya kutojiua nafsi zetu. Na akiwalaza humo watoto au mgeni, ameongeza dhima ya nafsi za wengine.

MAULAMAA NA MOSHI

Asidhani mtu kwamba kushughulika na moshi na matundu ya hewa ni mambo ya wahandisi tu. Ash-Shayzari, aliyeandika juu ya hisba katika karne ya 6 Hijria, aliwataka wenye matanuri ya mikate wainue dari za majengo yao na kuweka matundu mapana ya kutolea moshi ili watu wasidhurike. Ibn ar-Rami wa Tunis, aliyekuwa fundi muashi na mjuzi wa sharia katika karne ya 8 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo, na ndani yake akajadili moshi unaomdhuru jirani. Wote walijenga juu ya msingi mmoja mashuhuri: hapana kudhuru wala kudhuriana.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wengi wa wanaovuta moshi huo ni mama zetu na watoto walioko mgongoni. Basi jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje, linalotumia kuni chache, ni katika kuutekeleza msingi huo ndani ya nyumba zetu wenyewe.

NYUMBA IKITUNZWA, MOTO HUPUNGUA

Mtu wa Njombe atauliza, na ana haki ya kuuliza: "Sheikh, unatukataza jiko, je, tufe kwa baridi?" Jibu ni kwamba sharia haiondoi haja ya mtu bila ya kumpa njia. Njia yenyewe ni kuitengeneza nyumba ilinde joto, ili moto mdogo utoshe au usihitajike kabisa.

La kwanza ni dari. Hata dari ya mbao nyembamba huizuia hewa ya joto isifike kwenye bati. La pili ni kuziba nyufa za milango na madirisha na uwazi wa chini ya paa. La tatu ni mapazia mazito, na mkeka au zulia juu ya sakafu ya saruji. La nne ni kufungua mapazia mchana upande unaopigwa na jua, kisha kuyafunga kabla ya Magharibi.

Lakini hapa kuna tahadhari ambayo ndiyo roho ya makala haya. Mpangilio una hukumu yake. Usizibe nyumba kisha ukaingiza moto ndani. Toa moto kwanza, kisha ziba. Chumba kinachopikiwa lazima kibaki na njia ya hewa, ama ni kwa mkaa, kuni au gesi. Chumba cha kulala kisiingizwe jiko kabisa. Maulamaa wamesema kwamba kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kuleta manufaa. Na joto ni manufaa, ama sumu ni madhara.

Jikoni nako kuna nafasi kubwa. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva kwa moto mchache. Sufuria ifunikwe. Na kwa kuwa mashine za mbao hazikosekani huku kwetu, maranda yanapatikana kwa urahisi: chungu kilichochemka kikitiwa ndani ya kikapu kilichojazwa maranda makavu na kufunikwa vizuri, chakula huendelea kuiva bila ya moto wowote.

MAJI YA UDHU YENYE MOTO

Jambo hili linagusa ibada moja kwa moja. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Amr bin al-As (r.a.), katika vita vya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 Hijria, alipata janaba katika usiku wa baridi kali, akahofia nafsi yake, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Aliposailiwa na Mtume (s.a.w.) alitaja aya ile ya Suratun-Nisaa, na Mtume (s.a.w.) akacheka wala hakumlaumu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ruhusa hii ni kwa aliyehofia madhara na akakosa cha kupashia maji; tena kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba atailipa swala ile. Kwa hiyo nyumba au msikiti wenye njia rahisi ya kupata maji moto unawaepusha watu na uzito huo.

Wapo wanaosita kutumia maji yaliyopashwa na jua, kwa kuwa walisoma madrasa kwamba ni makuruhu. Waambiwe kwamba waliosema hivyo waliweka masharti, miongoni mwake nchi iwe ya joto na chombo kiwe cha madini. Na Njombe si nchi ya joto. Zaidi ya hayo, Imam Nawawi alichagua kwamba hayana ukaraha. Basi pipa jeusi juani, au mtambo wa jua wa kupashia maji, havina tatizo. Lililo muhimu ni kuyahifadhi: tangi lililozungushiwa maranda au blanketi litatunza joto la alasiri kwa muda mrefu zaidi kuliko bati tupu.

Na tusisahau kiasi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo haizidi sana robo tatu ya lita. Ndoo ya lita 20 ikipashwa kwa umeme kutoka nyuzi joto 12 hadi 40 hula takriban theluthi mbili ya uniti moja. Kwa kipimo cha Sunna ndoo hiyo yaweza kuwatosha watu zaidi ya ishirini. Kwa mtu anayeacha bomba wazi, haiwatoshi watano. Hivyo anayefuata Sunna katika maji ameokoa umeme bila ya kununua kifaa chochote.

ISRAFU YA TAA

Katika Suratul-Israa aya ya 26 na 27 Mwenyezi Mungu amekataza ubadhirifu na kuwaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Watu huielewa aya hii katika harusi na mavazi, lakini husahau swichi ya ukutani. Tufanye hesabu. Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 36 kwa mwezi. Balbu nne za LED za wati 9, kwa muda huohuo, hula uniti tano na nusu hivi. Tofauti ni uniti 30. Katika bei za umeme za mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti katika 75 za mwanzo, na shilingi 350 kwa kila iliyozidi. Aliyetumia uniti 100 alilipa shilingi 16,250 kabla ya kodi na tozo. Akishuka hadi 70 alilipa 7,000. Fedha iliyobaki ilitosha kuwa sadaka, au ada ya mtoto madrasa.

Katika msikiti jambo ni zito zaidi, kwa kuwa mali si ya mtu bali ni amana ya waumini na waqfu. Imam Nawawi katika al-Majmuu alikemea uwashaji wa kandili nyingi kupita kiasi misikitini katika baadhi ya nyusiku, na moja ya sababu alizozitaja ni kupoteza mali pasipo njia yake. Imamu anayeondoka baada ya Isha na kuacha taa zote zinawaka asidhani kwamba hatoulizwa.

WITO KWA MAIMAMU

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, lakini mwaka 2034 uko mbali, na baridi ya Juni huja kila mwaka. Anayeweza kumfikia muumini leo usiku ni imamu wake.

Basi nawausia maimamu wenzangu wa nchi za baridi: Ijumaa ya kwanza ya Juni, semeni juu ya mimbari kwamba jiko lisilale na watu. Wafundisheni wanafunzi wa madrasa dalili za sumu ya mkaa, na kwamba anayezihisi atoke nje upesi na awatoe wenzake, kisha wakimbizwe hospitali. Anayejenga, mshaurini aweke dari kabla ya kununua makochi. Na mkimtembelea masikini asiye na dari wala blanketi, msimwambie tu "toa jiko". Mchangieni blanketi kwanza, kisha mwambieni. Kuhifadhi nafsi na kuhifadhi mali ni katika makusudio matano ya sharia, na katika nyumba yenye joto lililotunzwa makusudio hayo mawili hukutana chini ya paa moja.

Tunamuomba Allah azihifadhi nyumba zetu na watu wake, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia mawaidha wakayafuata. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.