Jicho la Nzi: Mlango Unaofunguliwa na Nuru (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulilitazama jicho la nzi kwa nje. Leo tuingie ndani ya seli. Giza likishaingia Ipogolo, pale malori yanapopita chini ya mji wa Iringa, mteja aliyesimama dukani chini ya taa ya tyubu huona mwanga uliotulia. Kumbe haujatulia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu ya kizamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho la binadamu hushindwa kufuata kiasi cha mara 60 hivi. Nzi wenye mbio hufuata zaidi ya mara 200, kwa hiyo mkono unaoinuliwa kuwapiga huwajia polepole. Nadai kwamba siri ya wepesi huo huanzia kwenye seli inayopokea nuru, kabla ubongo haujaambiwa lolote.

Ndani ya seli hiyo mna protini iitwayo rodopsini, iliyobeba kipande kitokanacho na vitamini A. Nuru hukinyoosha kipande hicho kilichopinda. Rodopsini huamsha protini ya pili, nayo huamsha kimeng'enya kinachokata mafuta fulani ya utando, ndipo milango ya utando hufunguka na kalsiamu na sodiamu kuingia. Huo ndio umeme wenyewe. Katika nzi wa matunda kazi yote hufanyika ndani ya vinyweleo vya utando vipatavyo 30,000 kwa kila seli, vyembamba mno, hivyo molekuli hazina safari ndefu. Kwetu sisi ni kinyume kabisa: milango hukaa wazi gizani, nuru ikaifunga.

Tumejuaje kwamba ni milango hiyo? Mwaka 1969 watafiti Cosens na Manning walieleza nzi wa matunda wenye kasoro ya kurithi, ambao mwanga mkali ukidumu hufanya kama vipofu. Jeni yao ilichambuliwa mwaka 1989, na mwaka 1992 Hardie na Minke wakaonyesha kuwa kinachokosekana ni mlango wa kalsiamu. (Mlango unaotufanya tuwashwe na pilipili, uliotambuliwa mwaka 1997, ni wa ukoo huohuo.)

Atauliza mtu: mbona nzi wa matunda ana milango hiyo lakini hamfikii nzi wa nyama kwa wepesi wa kuona? Swali ni la haki, nami nalipunguzia dai langu kidogo. Kufungua mlango upesi hakutoshi. Lazima umeme uzimwe upesi pia, na kazi hiyo hufanywa na milango mingine, ya potasiamu. Nzi wenye mbio wameiacha ifanye kazi bila kulegea, na gharama yake ni nishati nyingi. Nzi wazito wa kuruka hawana haja ya kulipa gharama hiyo, wala hawailipi. Hata hivyo mahali pa kasi hapajahama: ni katika seli ileile.

Juma lijalo tutamgeukia mbung'o, na kwa nini hufuata kitambaa cha buluu.