Daktari Akuulize: "Unafanya Kazi Gani?"

Tulipotembelea shule moja ya sekondari pembezoni mwa Dodoma, tulipitisha kisanduku cha maswali kama kawaida yetu. Mengi yalikuwa yale tuliyoyazoea: chunusi, hedhi, mapenzi. Karatasi moja ilikuwa tofauti: "Mama yangu anagonga kokoto. Anakohoa tangu Krismasi. Amepimwa TB mara mbili wakasema hana. Sasa anaumwa nini?"

Sisi si hospitali, na hatuwezi kumtibu mtu kwa karatasi. Mama huyo arudi kituoni. Lakini safari hii aanze na jambo ambalo huenda hakuulizwa, yaani kazi yake.

Kwa nini kazi? Unayajua mawe ya huku kwetu, yale makubwa yaliyojaa vilimani. Mengi ni mawe ya itale, na ndani yake mna madini yaitwayo silika. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, nyumba zinaota kama uyoga, na kila nyumba inataka kokoto. Sasa ukipasua jiwe, vumbi kubwa utaliona. Utapiga chafya, litatoka. La hatari ni lile dogo mno ambalo jicho halilioni. Hilo linapita puani na kushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, linakaa huko huko. Mapafu yanafanya makovu, na pafu lenye makovu halitanuki sawasawa. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka mingi kujitokeza, na hauna dawa ya kuuponya. Dalili zake zinafanana na za kifua kikuu: kikohozi, kubanwa pumzi, kukonda. Tena mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, kwa hiyo kupima TB kusiachwe hata kidogo.

Hatusemi kwamba mama huyu anao. Tunasema mganga asiyeuliza kazi ya mgonjwa hawezi hata kuufikiria.

Jambo hili si geni. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima kuhusu maradhi ya mafundi na vibarua, na humo akawashauri madaktari wenzake waongeze swali hilo moja kwa kila mgonjwa. Wajapani nao wana chuo kikuu cha udaktari kilichoanzishwa mwaka 1978 makusudi kwa ajili ya afya kazini. Kiko Kitakyushu, mji wa viwanda vya chuma.

Hapa Tanzania je? Ujuzi huu umekuja kwa kiasi kikubwa kwa njia ya kubadilishana wanafunzi na walimu na nchi nyingine. Mfano mzuri ni uhusiano wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Katika miaka ya 2000, Mtanzania Simon Mamuya alisomea shahada yake ya udaktari wa falsafa Bergen. Lakini usidhani alikwenda kusoma mapafu ya Wanorway! Utafiti wake aliufanya kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kusini magharibi mwa nchi yetu, pamoja na walimu wa Bergen akiwemo Profesa Bente Moen.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mfanyakazi anafungwa pampu ndogo kiunoni. Pampu inavuta hewa kupitia chujio lililo karibu na pua yake muda wote akiwa kazini. Baadaye chujio linapimwa uzito maabara, na uzito ulioongezeka ndio vumbi. Rahisi, sivyo? Ila inataka vifaa na mtu aliyefundishwa. Kiwira ilionekana kwamba waliovuta vumbi jingi kuliko wote ni wale wanaochimba njia mpya kwenye mwamba. Hapo ndipo unajua uanzie wapi kuzuia. Bila kipimo, kila mtu anabaki kubisha tu: meneja anasema vumbi ni kidogo, kibarua anasema ni jingi.

Watanzania wengine wamefuata njia hiyo hiyo na kupima vumbi la katani na la viwanda vya kahawa. Bergen nao hawatoi sadaka tu. Mwanafunzi wa Norway anayetaka kuona kazi nzito ya mikono kwenye vumbi nene itambidi asafiri, maana kwao mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hizo.

Tuseme na ubaya wake. Wapo wanaokwenda kusoma wasirudi. Na matokeo mengi huandikwa kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo mchimbaji hatayaona maisha yake yote. Kwa maoni yangu, mpango mzuri ni ule unaomtaka mwanafunzi akapimie nyumbani, kisha abaki kufundisha wengine. Mamuya alirudi Muhimbili kufundisha.

Kama wewe unapenda Biolojia na Kemia, na una jiwe, shamba la zabibu au machimbo ya dhahabu karibu na kwenu, basi tayari una swali la utafiti. Anza na masomo ya sayansi hapa hapa. Muhimbili wanafundisha afya ya mazingira na afya kazini. Safari za ng'ambo huja baadaye.

Na mama wa kokoto, afanye nini leo? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, lakini anayegonga mawe yake mwenyewe kando ya barabara hana mwajiri wa kumdai chochote. Ayaloweshe mawe kabla ya kugonga, kama maji yapo (najua, Dodoma maji ni fedha). Akae upande unakotoka upepo, vumbi limkimbie. Kitenge mdomoni hakizuii lile vumbi dogo. Watoto wasikae hapo, hata wa mgongoni. Nguo za kazi azikung'utie mbali na nyumba, au azifue kabisa.

Yule msichana tulimrudishia karatasi yake ile ile. Nyuma tuliandika mambo matatu ya kumwambia nesi: mama anagonga mawe, alianza mwaka gani, na hukaa kwenye vumbi saa ngapi kwa siku.