Kompyuta Inayogoma Asubuhi za Julai

Simu iliingia saa mbili na nusu, ile saa ambayo baridi ya Julai bado imewakunja walinzi wa Upper Hill, Nairobi, ndani ya makoti yao. Ilitoka ofisi ndogo ya wasanifu majengo, si mbali na Barabara ya Ngong. "Fundi, mashine imekufa," mwenye ofisi akasema. "Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi tu." Nikamuuliza kama kuna siku iliwahi kukataa hivyo, kisha ikakubali baada ya kuzimwa na kuwashwa mara mbili tatu. Akanyamaza kidogo. "Wiki mbili sasa inafanya hivyo kila asubuhi. Leo ndiyo imekataa kabisa."

Nikamwambia asiite mtu wa kununua vyuma vikuukuu. Kompyuta inayogoma ikiwa baridi na kutii ikishapata joto, mara nyingi haina kilichoungua. Ina kumbukumbu iliyosukumwa hadi ukingoni. Nilipofika nikakuta hivyo hasa: mashine ya kuchorea majengo, iliyoongezewa kasi kupita ile ya kawaida tangu siku iliyonunuliwa, na mwezi uliopita ikaongezewa vijiti viwili vya RAM juu ya viwili vilivyokuwamo. Vyote vinne vilikuwa na jina moja na namba moja ya kasi, 3,200. Mwenye ofisi alikuwa amenunua kwa uangalifu na hakukosea dukani.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kujua kumbukumbu ya kompyuta ni kitu cha namna gani. Ndani ya kijiti cha RAM kuna mabilioni ya vihifadhi vidogo vya chaji ya umeme, na kila kimoja kinavuja. Kikiachwa bila kujazwa upya, kinasahau. Kwa hiyo kompyuta hupita kote kuvijaza, na kanuni ya kawaida ni kwamba kila kihifadhi kijazwe upya ndani ya milisekunde 64. Huku kazi hiyo ikiendelea, prosesa nayo inadai data kwa kasi ya mamilioni ya mapigo kwa sekunde. Ile namba 3,200 kwenye boksi maana yake ni kwamba kila waya wa data unapitisha mapigo milioni 3,200 kila sekunde.

Prosesa na vijiti hivyo havizaliwi vikijua mapigo ya mwenzake. Kila kompyuta inapowashwa, kabla picha haijatokea, bodi mama huvijaribisha pamoja: hutuma alama, husikiliza jibu, husogeza muda kidogo, hutuma tena. Ni kama dereva wa matatu na makanga wake. Makanga anagonga bodi mara moja, gari linasimama. Anagonga mara mbili, linaondoka. Wakizoeana, huhitaji neno. Lakini ongeza mwendo, ongeza muziki, ongeza makanga wa pili anayegonga kwa mkono mzito kuliko wa kwanza, na siku moja dereva ataondoka abiria akiwa bado na mguu mmoja chini.

Na hapa ndipo wengi hawaambiwi ukweli wote. Namba ya 3,200, 3,600 au 6,000 iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi si kasi ambayo kijiti huanza nayo. Vijiti vingi vya aina ya DDR4 vikiwekwa kwenye mashine huanza na 2,133, 2,400 au 2,666, kwa volti 1.2. Ile kasi kubwa huja mtu anapoingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya bodi mama) na kuwasha mpangilio uitwao XMP, ambao Intel iliuleta mwaka 2007, au EXPO wa AMD wa mwaka 2022. Volti nayo hupanda, kwa DDR4 mara nyingi hadi 1.35. Kuwasha mpangilio huo mmoja ni kuiongezea mashine kasi, hata kama muuzaji amekuambia ndivyo inavyokuja.

Tena kasi hiyo imethibitishwa kwa vijiti vilivyomo ndani ya boksi hilo, vikiwa peke yake. Maboksi mawili yanayofanana kwa rangi na kwa namba yanaweza kuwa na chipu za viwanda tofauti. Na hata chipu zikilingana, vijiti vinne ni mzigo mkubwa zaidi kwa prosesa kuliko viwili. AMD wenyewe walilisema wazi kuhusu prosesa zao za Ryzen 7000: vijiti viwili vya aina mpya zaidi, DDR5, kasi inayoungwa mkono rasmi ni 5,200, vijiti vinne, inashuka hadi 3,600. Laiti kadi ndogo yenye namba hizo mbili ingebandikwa kwenye kila kaunta ya kompyuta kuanzia Moi Avenue hadi Luthuli. Watu wangeokoa fedha nyingi.

Sasa baridi inaingiaje? Tabia ya umeme ndani ya chipu hubadilika kidogo joto linapobadilika. Mpangilio wenye nafasi ya kutosha hauhisi tofauti hiyo. Mpangilio ulio ukingoni unaihisi, ndiyo maana mashine ya mwenyeji wangu ilikuwa ikianguka mtihani wa asubuhi, kisha inafaulu ikishapata joto la majaribio mawili matatu.

Nilichofanya kwanza ni kutofanya lolote kwa haraka. Nikaangalia taa ndogo nne zilizoko kwenye bodi mama nyingi za siku hizi: ya prosesa, ya RAM, ya kadi ya michoro na ya diski. Iliyobaki inawaka ilikuwa ya RAM. Nikachomoa waya wa stima ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikagusa chuma kitupu cha boksi ili kuondoa umeme wa mwili wangu. Kisha nikatoa ile betri ya mviringo, CR2032, nikaiacha nje dakika kumi. Mipangilio yote ya kasi ikafutika, mashine ikarudi kwenye mwendo wake wa asili.

Nikarudisha kijiti kimoja tu, katika nafasi ya pili kutoka kwa prosesa, ambayo kwenye bodi nyingi ndiyo ya kuanzia. Ikawaka. Nikajaribu kila kijiti peke yake katika nafasi ileile. Vyote vinne vikawaka. Hakuna kibovu. Kama kimoja kingekataa, ningesafisha meno yake na kukijaribu tena kabla ya kukihukumu, maana vumbi la ujenzi Upper Hill halina mwisho. Na kama upande mzima wa RAM ungekuwa haupatikani, ningelegeza skrubu za kipoza joto cha prosesa: zikikazwa kupita kiasi upande mmoja, prosesa huinuka kiasi kisichoonekana kwa macho, na miguu inayounganisha kumbukumbu ikakosa kugusana.

Wenye mashine za DDR5 nawaomba subira. Ukiweka vijiti vipya, kule kuzoeana kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Watu huingiwa na hofu na kuizima katikati, kila mara wakiirudisha mwanzo.

Lakini kugoma kwa mashine hakukuwa jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Mashine isiyowaka angalau inasema ukweli. Nilimuuliza mwenye ofisi kama kuna mafaili yaliyokataa kufunguka. Akaniita pembeni: michoro ya nyumba ya mteja, kazi ya majuma matatu, ilikuwa ikifunguka na ukuta mmoja haupo. Alidhani kijana wake ameufuta. Hivyo ndivyo kumbukumbu inayokosea kidogo hufanya. Haipigi kelele. Inageuza sifuri kuwa moja mahali fulani, faili linahifadhiwa likiwa na kosa hilo, kisha linanakiliwa hivyo hivyo kwenye diski ya akiba.

Ndiyo maana siiachi mashine kwa sababu tu imewaka. Nilirudisha vijiti vyote vinne kwa kasi ya 3,200, nikawasha kutoka kwenye flashi programu ya MemTest86, ambayo asili yake ni kazi ya Chris Brady tangu mwaka 1994. Ikaonyesha makosa kabla ya saa moja. Hapa hakuna kosa dogo; kosa moja tu ni kushindwa. Nikashuka hadi 2,933. Makosa mawili. Nikashuka hadi 2,666, na sikugusa kitu kingine, kwa sababu ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limekuponya.

Mambo mawili ya mahali petu nilimweleza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Feni inazungusha hewa ileile kwa ujazo lakini inabeba joto pungufu kuliko inavyodhaniwa, kwa hiyo baridi ya nje isikudanganye. La pili ni stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikawa gizani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi kwa sababu nyingine. Mashine inayohifadhi mchoro wakati kama huo inahitaji UPS kuliko inavyohitaji kasi.

Tuliiacha inajipima kuanzia Ijumaa jioni, UPS ikiwa imeunganishwa na jenereta ya jengo iko tayari. Jumamosi mchana mizunguko yote minne ya MemTest86 ilikuwa imekamilika bila kosa hata moja. Jumatatu asubuhi, baridi ikiwa ileile, mwenye ofisi alibonyeza kitufe mara moja na picha ikatokea. Kisha tukaketi pamoja kupekua nakala za zamani, moja baada ya nyingine, hadi tukaipata ile ya kabla vijiti vipya havijawekwa, ukuta ukiwa mahali pake.