Mtani Ana Kazi Gani Msibani?

Jeneza limefika makaburini, watu wameinamisha vichwa, mara mtu mmoja anaruka shimoni na kulala chali. Marehemu ana deni lake, anasema, na hatoki mpaka alipwe. Wafiwa wanachangachanga noti mbili tatu. Anazihesabu, anawasimanga kwamba ukoo huu ni wa mabahili tangu zama za mababu, ndipo anapanda juu na maziko yanaendelea. Mgeni wa mila angemwita mwendawazimu. Wenyeji wa Songea, Iringa, Tabora au Uzaramo wanamjua: ni mtani, na yuko kazini.

Kazi yenyewe ni ipi? Mwaka 1909 mtaalamu wa mila Arnold van Gennep alieleza kwamba mila za kumvusha mtu kutoka hali moja hadi nyingine, kama jando, ndoa na mazishi, zina vipindi vitatu: mhusika hutengwa, hukaa katikati, kisha hurudishwa kwa wenzake. Kipindi cha katikati tunakiona kila penye matanga. Wenye msiba wanalala chini mikekani, hawaendi shamba wala kazini, hata chai wanaletewa. Kwa siku hizo wapo na hawapo.

Lakini kaburi lazima lichimbwe, maji yatekwe, chungu kiinjikwe, na aliyelia hadi kukauka koo alazimishwe kula. Ndugu wa damu amezidiwa na uchungu. Mpita njia naye hana mamlaka ya kuingia jikoni mwa watu na kuamuru. Mtani anayo, na moyo wake haujavunjika kama wao. Ndiyo maana anaweza kuvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na kukohoa kwake, mpaka mjane anacheka katikati ya kwikwi. Na hakuna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye aliyevunja mila.

Haki hiyo ina historia. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakielekea kaskazini, walikuja kupigana vikali na Wahehe mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Leo ni watani wakubwa. Wanyamwezi na Wasukuma wanataniana na Wazaramo, na hapo husimuliwa zaidi habari za misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka pwani. Mpagazi akifia njiani, mbali na kwao, nani amzike? Palihitajika mkataba na watu wa njiani, na utani ulikuwa mkataba huo.

Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuona utani kama urafiki na uhasama vilivyofungwa pamoja: watu wenye sababu ya kugombana wanapewa matusi yasiyoumiza ili wasifikie yanayoumiza. Ni maelezo mazuri, ila kwangu hayatoshi. Yanasahau kwamba mtani husema kweli. Msibani kila marehemu ni mwema. Mtani pekee ndiye anayeweza kutamka mbele ya watu kwamba mzee alikuwa mkali kwa watoto, au kwamba wanawe walikuwa hawaji kumtazama alipougua. Watu wanacheka, na wanaohusika wameshasikia. Kikao cha ukoo kingelisema hilo kwa ugomvi wa miaka kumi.

Mjini mambo yamegeuka. Kamati inakusanya michango, mpishi analipwa, mshereheshaji anashika kipaza sauti, na mtani amebaki na vichekesho vya dakika mbili kabla ya ratiba kuendelea. Kwa wengi, hasa vijana, neno watani wa jadi ni timu za soka za Simba na Yanga tu. Sidai turubai na viti vya kukodi ni vibaya, vinapunguza adha. Lakini mpishi wa kulipwa hamlazimishi mfiwa kula, na mshereheshaji hathubutu kumsema mtoto wa marehemu. Basi ukifiwa, kabla hujampigia simu mwenye turubai, mpigie mtani wa ukoo wenu. Na kama hamjui ni nani, waulizeni wazee wangali hai.