Kuuaga wali na ugali ili kupunguza unene: Je, ni salama kwa muda mrefu?

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo mwenye maradhi ya kisukari, aliamua siku moja kuviacha vyakula vyote vya wanga. Aliuaga wali, akauaga ugali, akaiaga na chapati ya asubuhi. Sinia la pilau ya walima lilipita mbele yake asiliguse. Baada ya miezi miwili nguo zake zilianza kumpwaya, watu wakamsifu, naye akawa mhimizaji mkubwa wa wenziwe.

Asubuhi moja binti yake alimkuta jikoni ameegemea ukuta, anatetemeka, ametota jasho, na maneno yake hayaeleweki. Waliokuja mbio walianza kutaja hasada na mashetani. Kumbe jambo lilikuwa jepesi zaidi ya hilo. Mama yule alikuwa ameacha wanga, lakini aliendelea kumeza vidonge vya kushusha sukari kwa kipimo kile kile alichoandikiwa wakati akila ugali mara mbili kwa siku. Sukari ya damu ilishuka mno. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, binti alimnywesha chai yenye sukari nyingi, kisha wakakimbilia hospitali. Alinusurika.

Tukio hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Wengi miongoni mwetu wamo katika safari hiyo hiyo, nao wanauliza maswali mawili: Je, kuacha wanga kunapunguza unene kweli? Na je, mtu anaweza kuishi hivyo miaka na miaka bila kudhurika?

Jambo lenyewe si geni

Wapo wanaodhani kwamba elimu hii imezuka juzi. Sivyo. Mwaka 1863 William Banting, mtu wa London aliyekuwa akifanya kazi ya kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Mwaka 1972 tabibu wa moyo wa Marekani, Robert Atkins, alitoa kitabu chake juu ya mwenendo kama huo, nacho kikauzwa kwa mamilioni. Atkins alifariki mwaka 2003 baada ya kuteleza na kuanguka kwenye barafu mjini New York, na kampuni iliyobeba jina lake iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2005. Hata hivyo mwenendo haukufa. Umerudi kwa majina mapya, na leo wengi wanauita keto.

Madaktari nao waliutumia kwa sababu nyingine kabisa. Tangu mwaka 1921, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana kilipendekezwa kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo kinatumika kwa baadhi ya watoto ambao dawa hazikuwasaidia. Lakini na tuzingatie hili: watoto hao hupimwa damu mara kwa mara, hupewa vitamini na madini, na huangaliwa wasipate vijiwe vya figo. Hawaachiwi wajiongoze wenyewe.

Mwili unafanya nini?

Wanga tunaokula hugeuzwa kuwa sukari, na ziada yake huhifadhiwa katika ini na misuli. Akiba hiyo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu hushikana na takriban gramu 3 za maji. Mtu anapoacha wanga, mwili hutumia akiba hiyo kwanza, na maji yake hutoka pamoja nayo. Ndiyo maana kilo mbili za wiki ya kwanza huondoka kwa urahisi unaomfurahisha mtu, ilhali sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji wala si mafuta.

Baada ya hapo mwili huanza kuyeyusha mafuta kwa wingi, na ini hutengeneza ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sukari. Kwa kawaida hali hiyo hufikiwa mtu anapokula wanga chini ya gramu 50 kwa siku. Ili kuelewa udogo wa kiasi hicho, kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Sahani moja ya wali ya nyumba nyingi za pwani imeshavuka mpaka kabla mchuzi haujamiminwa.

Katika siku hizo za mwanzo wengi huumwa kichwa, huchoka, hukaza misuli, hufunga choo, na pumzi zao hubadilika harufu. Mengi ya hayo hupita. Vilevile njaa hupungua, kwani protini na mafuta hushibisha kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo siri kubwa ya kupungua kwao: wanakula kidogo bila kujilazimisha.

Tafiti zinasema nini juu ya miaka mingi?

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Mwaka 2003 ulitangazwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 63 wanene kwa mwaka mzima. Katika miezi 6 ya kwanza waliopunguza wanga waliwashinda waliopunguza mafuta. Ulipotimia mwaka, tofauti ya maana haikuwepo tena. Mwaka 2009 utafiti mwingine wa watu 811 ulilinganisha vyakula vya aina nne kwa miaka miwili. Mwishoni kila kundi lilikuwa limepungua kilo 4 hivi. Na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza matokeo ya watu 609: baada ya mwaka mmoja, waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3 na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo wataalamu waliihesabu kuwa si ya kutegemewa. Ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua sana na walioongezeka.

Funzo ni kwamba aliyeshinda ni yule aliyeweza kudumu na chakula chake, si yule aliyechagua jina la chakula.

Ama kuhusu usalama, mwaka 2018 ulitolewa utafiti uliofuatilia zaidi ya Wamarekani 15,000 kwa takriban miaka 25. Hatari ya kufa ilikuwa ndogo zaidi kwa wale ambao nusu au zaidi kidogo ya nishati yao ilitokana na wanga, yaani asilimia 50 hadi 55. Waliokula wanga chini ya asilimia 40 na waliozidi asilimia 70, wote hatari yao ilipanda. Lakini kulikuwa na tofauti: waliojaza nafasi ya wanga kwa nyama walikuwa katika hatari zaidi, na waliojaza kwa vyakula vya mimea, kama mboga na karanga, hatari yao ilipungua. Insafu inatupasa tuseme kwamba utafiti huo uliwaangalia watu katika maisha yao, haukuwapangia chakula, hivyo hauthibitishi kwamba nyama ndiyo iliyoua. Hata hivyo si ushahidi wa kupuuzwa.

Aidha, baadhi ya watu wanaokula mafuta mengi ya wanyama hupandisha lehemu mbaya katika damu, jambo linalojulikana kudhuru mishipa ya moyo. Wengine hawapandishi. Hakuna njia ya kujua uko kundi gani ila kupima.

Vipi kuhusu Wamasai?

Watetezi wa mwenendo huu hupenda kuwataja Wamasai, na mfano huo unatuhusu kwa karibu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika, waliokuwa wakitegemea maziwa na nyama, akakuta lehemu yao iko chini na dalili za maradhi ya moyo ni chache. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki: kuta za mishipa zilikuwa na uchafu wa mafuta kama za wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikipita. Watafiti waliuhusisha upana huo na mwendo mwingi wa miguu. Basi anayetaka kula kama Mmasai na atembee kwanza kama Mmasai.

Kwa upande mwingine, wazee wa kisiwa cha Okinawa huko Japani, waliosifika kwa umri mrefu, walikulia kwenye viazi vitamu, na chakula chao kilikuwa karibu chote wanga. Kumbe wanga si sumu.

Nani ajihadhari?

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasibadilishe chakula kabla daktari hajapunguza dawa. Tunasisitiza: kabla, si baada. Kupunguza wanga kunaweza kuwasaidia, na wataalamu wa kisukari wa Marekani walilikubali hilo mwaka 2019. Lakini dawa na chakula havina budi kwenda pamoja. Wenye maradhi ya figo, wajawazito na wanaonyonyesha nao wasijiingize bila ushauri. Hali kadhalika mgonjwa wa kisukari anayenuia kufunga Ramadhani huku ameacha wanga amwone tabibu kabla ya mwezi kuandama, kwani mambo hayo mawili kwa pamoja hushusha sukari maradufu.

Kwa wengine, jibu letu ni hili. Kupunguza wanga kwa miezi kadhaa ni njia inayofaa kwa mtu mwenye afya. Kuuondosha kabisa kwa miaka mingi hakujathibitika kuwa salama, wala hakujathibitika kupunguza unene zaidi ya njia nyingine. Penye faida iliyo wazi na isiyo na ubishi ni kuacha soda na sukari ya ziada, kupunguza mkate mweupe na kaimati, kupunguza kimo cha wali sahanini, na kuijaza nafasi hiyo kwa mchicha, kunde, maharage, samaki na karanga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Mama yule jirani yetu bado hajarudia unene wake. Dawa zake zimepunguzwa, anapima sukari kila asubuhi, na sinia likija huketi na wenziwe. Anakula wali vijiko vichache upande wake, akaongeza mboga, akashukuru. Ukimuuliza anafuata chakula gani, hujibu kwamba anafuata kiasi.