Sheria Haitoshi: Fundisho la Wanawake Wafanyakazi wa India

Wapo watu wanaodhani kwamba mwanamke hupata haki zake siku ile sheria inapotiwa sahihi. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu zetu kwa kuitazama India, nchi ambayo imeandika sheria nyingi njema juu ya wanawake, na ambayo wanawake wake wamejifunza kwa jasho na machozi kwamba sheria bila umoja wa wenye kuidai ni mlango usio na ufunguo.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Husemwa, hata na baadhi ya Wahindi wenyewe, kwamba madai ya haki za wanawake ni mbegu iliyoletwa kutoka Ulaya. Mwaka 1848 Bibi Savitribai Phule na mumewe, Bwana Jyotirao, watu wa tabaka lililodharauliwa, walifungua shule ya wasichana mjini Pune. Yasimuliwa kwamba wapinzani walimtupia mwalimu huyo matope na mavi ya ng'ombe njiani, naye akawa anachukua sari ya pili ya kubadili afikapo shuleni. Mbegu hiyo ilipandwa na mikono ya wenyeji, tena wanyonge.

Baada ya uhuru wa mwaka 1947, Katiba ya mwaka 1950 ilitamka kwamba raia wote ni sawa, mume kwa mke, na kila mtu mzima akapata kura. Lakini sheria za ndoa na urithi zilipofika Bungeni, wakubwa wengi walizipinga. Dakta Ambedkar, Waziri wa Sheria, alijiuzulu mwaka 1951, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa kucheleweshwa kwa sheria hizo. Zilipitishwa kwa vipande katika mwaka 1955 na 1956, na hata hivyo binti wa Kihindu alingoja mpaka mwaka 2005 ndipo akapata fungu sawa na ndugu yake wa kiume katika mali ya ukoo.

Hatusemi kwamba juhudi hizo zilikuwa bure. Mwaka 1951 wanawake waliojua kusoma na kuandika hawakufika kumi katika kila mia. Mwaka 2011 walikuwa karibu sitini na tano. Hayo ni maendeleo makubwa, na mwenye haki ya sifa apewe. Lakini tutazame upande wa pili. Mwaka 1961 nchi hiyo ilipiga marufuku ile mali ambayo huko watu wa bibi arusi hudaiwa kuwapa watu wa bwana arusi. Zaidi ya miaka sitini baadaye, katika mwaka 2022, polisi waliandikisha vifo zaidi ya 6,000 vya wake vilivyotokana na madai ya mali hiyo. Sheria ipo, na maiti zipo.

Basi nini kinachoipa sheria nguvu? Jibu tunalipata Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo. Mwaka 1972 Bibi Ela Bhatt, mwanasheria aliyekuwa akiongoza idara ya wanawake katika chama cha wafanyakazi wa nguo, aliwakusanya wanawake waliobeba majora ya nguo vichwani, waliouza mboga barabarani na walioshona nguo majumbani mwao. Walipokwenda kuandikisha chama chao, kiitwacho SEWA, wakubwa wa kazi waliwakatalia. Walisema: ninyi hamna mwajiri, mtagombana na nani? Wanawake wale walijibu kwamba chama cha wafanyakazi huundwa kwanza kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi wenyewe. Baada ya mabishano, chama kiliandikishwa mwaka ule ule.

Mwaka 1974 wanachama 4,000 walitoa rupia kumi kila mmoja wakaanzisha benki yao, kwa kuwa mabenki mengine hayakuwataka na wakopeshaji wa mitaani waliwanyonya. Wengi hawakujua kutia sahihi; basi picha ya mwenye akiba ikabandikwa katika kitabu chake, na kazi ikaendelea. Leo wanachama wa SEWA ni zaidi ya milioni mbili.

Lakini ndugu wasomaji wasidhani kwamba adui alikuwa mkopeshaji na ofisi tu. Mwaka 1981 SEWA iliondolewa katika chama kile kile cha wafanyakazi wa nguo kilichoizaa, baada ya kuwatetea watu wa tabaka la chini kabisa katika ugomvi juu ya nafasi zao za masomo. Wanawake waliachwa peke yao, nao wakasimama.

Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 2015, katika mashamba ya chai ya Munnar, jimbo la Kerala. Kampuni ilipunguza bahashishi ya mwaka mpaka asilimia kumi. Wanawake wachumaji, ambao huchuma majani kutwa na kubeba mizigo yake mgongoni, waliacha kazi na kuziba barabara kwa maelfu. Hawakuitwa na chama cho chote. Viongozi wanaume wa vyama walipokuja kuwahutubia, walifukuzwa, kwa kuwa wanawake waliamini kwamba viongozi hao walikuwa wakila sahani moja na kampuni. Baada ya siku tisa walipata asilimia ishirini waliyoidai. Umoja wao, ulioitwa Pembilai Orumai, baadaye ulikumbwa na mafarakano. Lakini ushindi ule haukufutika, wala aibu waliyopata viongozi wale.

Tumtaje na mwingine, ambaye hakuwa na chama siku alipopatwa na maafa. Bibi Bhanwari Devi wa Rajasthan aliajiriwa na mpango wa serikali kuwaelimisha wanawake wa vijijini. Mwaka 1992 alijaribu kuzuia ndoa ya mtoto mchanga, na kwa kulipiza kisasi alinajisiwa na kundi la wanaume. Mwaka 1995 mahakama iliwaachilia washitakiwa. Lakini vyama vya wanawake viliipeleka hoja mbele ya Mahakama Kuu Kabisa: mwanamke akiumizwa kwa sababu ya kazi yake, nani mwenye wajibu wa kumlinda? Mwaka 1997 mahakama hiyo iliweka kanuni za kuwalinda wanawake wote makazini, na mwaka 2013 zikawa sheria ya Bunge. Mwanamke mmoja wa kijijini, asiyepata haki yake mwenyewe, amewapa ulinzi mamilioni.

Katika siasa mambo ni hayo hayo. Tangu mwaka 1993 theluthi ya viti vya halmashauri za vijiji imetengwa kwa wanawake, na zaidi ya milioni moja wamechaguliwa. Mahali pengi mume ndiye aliyekikalia kiti cha mkewe. Mahali pengine mke alijifunza kazi, akakidai kiti chake, akaleta maji na shule. Mwaka 2023 Bunge lilikubali kutenga theluthi ya viti vyake pia, lakini kwa sharti la kungoja kwanza sensa na ugawaji mpya wa majimbo. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 wanawake walipata viti 74 kati ya 543.

Sisi twalichukua fundisho moja. Sheria na iandikwe, na ipiganiwe iandikwe vizuri. Lakini mlinzi wake ni umoja wa wale inaowahusu, na umoja huo hauwezi kuongozwa daima na watu wasioujua mzigo wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo twamwuliza kila mfanyakazi mwanamume anayesoma ukurasa huu: katika tawi lako, kamati ina wanawake wangapi? Siku ya kuzungumza na mwajiri, nani hukaa mezani? Kama jibu linakutia haya, usingoje wachumaji wa kwako wazibe barabara. Sogeza kiti leo.